Mida ya Juni haina ndege

Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilipoingia Gredi ya 10, mjadala wa elimu nchini Kenya umerudi palepale ulipozoea kukaa: nani atalipa. Wazazi wanalalamikia karo, sare, vitabu na michango, na katika michango hiyo haikosekani safari. Shule inatuma barua kwamba watoto watatembelea mbuga fulani, au magofu, au bustani ya nyoka, na mzazi alipe kabla ya Ijumaa. Mzazi anaguna. Mwalimu anajitetea kwamba mtaala unataka mtoto ajifunze nje ya darasa. Siku ikifika, basi linaondoka na waliolipa, na wasiolipa wanabaki uwanjani. Naielewa hasira ya mzazi huyo, na simlaumu mwalimu. Ila naona wote wawili wamelishika jambo kwa mkia. Anayelipa na anayelipisha wanakubaliana kwamba kujifunza nje ya darasa maana yake ni safari, na hapo ndipo penye kosa. Maumbile hujifunzwa kwa kurudi mahali pamoja, karibu na nyumbani, majira baada ya majira, na shule nyingi za mwambao wetu zingeweza kufanya hivyo bila kukodi basi hata siku moja.

Chukua hori ya Mida, hapa Watamu, kaunti ya Kilifi. Maji yakipwa, tope na mchanga hufunuka mbali sana, na kuanzia mwisho wa Agosti hadi Aprili tope hilo hujaa ndege: vitwitwi wa kila umbo, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi ambaye chakula chake hasa ni kaa. Huyu mla kaa huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba na Somalia, akichimba shimo mchangani na kuliachia joto la jua sehemu ya kazi ya kuatamia. Kuna kitwitwi mwingine, mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini, ambaye kwao ni Siberia, kaskazini kabisa. Ifikapo mwisho wa Aprili karibu wote wamekwenda makwao kutaga. Hubaki wachache, wengi wao wachanga wasiofikia umri wa kuzaa. Sasa itazame kalenda ya shule. Muhula wa pili huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Julai, na katika shule ninazozijua ndio muhula wa safari, kwa kuwa wa kwanza una pilikapilika za uandikishaji na wa tatu una mitihani. Mtoto anafika Mida mwezi wa Juni, kusi likivuma, anaona tope, mikoko na yangeyange wawili watatu. Anaandika kwamba Mida haina ndege. Hajasema uongo. Mwenzake wa shule nyingine, aliyeletwa Februari, anaandika kwamba Mida ina ndege wengi mno. Naye hajasema uongo. Wote wawili watawekewa vyema na mwalimu, na hakuna kati yao aliyeijua Mida, kwa sababu kinachopaswa kujulikana kiko katikati ya Februari na Juni: wamekwenda wapi, wamefuata nini, na nani aliwaambia kwamba wakati umewadia. Swali hilo haliwezi kuzaliwa katika kichwa cha mtoto aliyefika mara moja tu.

Nina mtoto katika Gredi ya 4. Mwaka huu alitumwa alete picha ya msitu wa asili abandike daftarini. Tunaishi Gede, ukisimama mlangoni petu unaiona miti ya Arabuko-Sokoke. Tulikwenda saiba, tukalipa shilingi 40 kwa karatasi moja ya rangi, na picha iliyotoka ilikuwa ya msitu wa milimani, wenye ukungu na miti iliyofunikwa kuvu, msitu ambao mwanangu hajawahi kuuona. Nilimuuliza kama mwalimu aliwahi kuwapeleka kwenye msitu wetu. Akanijibu, “Baba, hatuna basi.” Kutoka lango la shule yake hadi mti wa kwanza wa msitu ni mwendo wa robo saa kwa miguu ya mtoto. Sijaacha kulifikiria jibu lile, kwa sababu halikuwa la kitoto. Alikuwa anarudia walichokubaliana watu wazima.

Msitu wenyewe unastahili zaidi ya karatasi ya saiba. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake kuna misitu mitatu. Upande wa mashariki, karibu na bahari, kuna miti mchanganyiko, mibambakofi ikiwamo. Katikati kuna mrihi, uliosimama kwenye mchanga mweupe, ambao majani yake machanga hutoka mekundu kabla ya kugeuka kijani. Magharibi udongo ni mwekundu na vichaka vimesongamana, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya msitu huu anajulikana mahali pachache mno, mojawapo likiwa misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Sababu mojawapo ya mgawanyo huo ni mvua. Upande wa bahari hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na pembe ya kaskazini magharibi hupata karibu milimita 600. Ni msitu mmoja, nawe unaweza kuuvuka kwa siku moja, lakini mvua inayonyesha ukingo huu karibu inazidi ya ukingo ule mara mbili. Sasa zihesabu shule zilizouzunguka. Kila moja ikiweka uwanjani kopo lenye pande zilizonyooka, na mtoto akachovya rula kila asubuhi kabla ya kengele, kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo cha mvua ya jana. Kopo na rula. Mwisho wa mwaka shule ya Gede na shule ya upande wa bara zikibadilishana madaftari, watoto wataona kwa hesabu zao wenyewe sababu mojawapo ya msitu wa pale kutofanana na wa hapa. Hiyo ni jiografia, hisabati na sayansi kwa pamoja, na hakuna mzazi aliyeombwa senti.

Na miaka ingepita vipi? Hapa ndipo ninapoumia. Wanafunzi wale wale walioingia Gredi ya 10 Januari walikuwa Gredi ya 3 mwaka 2019, mtaala ulipoanza kutekelezwa nchi nzima, na somo la Shughuli za Mazingira lilikuwamo kwenye ratiba yao. Vuli ya mwaka huo ilinyesha kupita kiasi. Kisha, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo iliharibika katika maeneo mengi ya mashariki na kaskazini mwa nchi, mifugo ikafa, bara ya Kilifi ikapewa chakula cha msaada. Mwisho wa 2023 zikaja mvua za El Niño na mafuriko. Kama darasa moja tu la Kilifi lingekuwa na kopo na daftari tangu 2019, hata kwa kuondoa miezi ambayo shule zilifungwa kwa ajili ya korona, leo wangeingia sekondari ya juu wakiwa na kumbukumbu ya miaka saba iliyobeba furiko, ukame mrefu na furiko tena, kwa mwandiko wao. Tunawaambia watoto hawa kwamba hali ya hewa inabadilika, nao wanaikariri sentensi hiyo kama wanavyokariri miji mikuu. Walikuwa na nafasi ya kuishuhudia kwa kipimo, na hatukuwapa hata kopo.

Haki inanidai niwasikilize wanaopinga, kwa sababu baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni usalama. Ajali za mabasi ya shule zimewaliza watu wengi katika nchi hii, na mzazi anayekataa safari ya mbali kwa hofu ya barabara hana la kuombea radhi. Msitu nao una nyoka, na Arabuko-Sokoke una tembo. Sehemu ya kwanza ya hoja hii inaniunga mkono, kwa maana anayekwenda kwa miguu hadi ukingo wa msitu hapandi basi. Sehemu ya pili inataka mtu anayeijua njia, na watu hao tunao: waelekezi wa msitu, walinzi wa jamii, wazee wanaochuma dawa. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni idadi. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hawezi kuwachunga watoto 60 kichakani, na kipindi cha dakika 40 kinaisha kabla mstari wa nyuma haujafika. Sina jawabu kamili la hili. Naweza kusema tu kwamba kutoka mara moja kwa mwezi, vipindi viwili vikiunganishwa, nusu ya darasa ikienda leo na nusu mwezi ujao, kunawezekana pale mwalimu mkuu anapotaka, na kwamba mahali ambapo haiwezekani kabisa, mbuyu mmoja wa uwanjani unatosha kwa kuanzia. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua mvua zikija, maua yake hufunguka jioni na kuanguka kesho yake, na wageni wake wa usiku ni popo. Mtoto aliyeandika tarehe ya jani la kwanza na la mwisho kwa miaka mitatu ameshafanya kazi ya sayansi bila kuvuka uzio.

Hoja ya tatu ni ya mtihani, kwamba daftari la mvua halimpeleki mtu sekondari nzuri. Zamani hoja hii ilikuwa mwamba. Leo ina ufa. Katika hesabu ya alama za mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 20 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo mlango wa kuipa kazi ya kuchunguza uzito wa alama upo tayari katika mfumo. Kinachokosekana ni kwa kazi hizo kuandikwa kwa kufuata mahali alipo mtoto. Zinatungwa Nairobi kwa nchi nzima, na haziwezi kumuuliza mtoto wa Dabaso kuhusu maji kupwa huku zikimuuliza wa Turkana jambo hilo hilo. Zikimwachia mwalimu kuchagua alichonacho jirani, iwe hori, mto, mlima au jangwa, na zikidai tu kwamba uchunguzi urudiwe katika mihula yote mitatu, kazi itakuwa ya haki kwa kila mmoja.

Ila kuna hoja moja ambayo siwezi kuipitia juu juu, kwa sababu inasemwa kwa sauti kubwa kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. Nayo ni hii: kwamba kuangalia ndege na kuandika majira ni mambo ya kizungu, mchezo wa wastaafu wenye darubini, na kwamba mtoto wa Kiafrika ana shida kubwa kuliko hizo. Anayesema hivi kwenye pwani ya Waswahili hajui aliposimama. Watu wa mwambao huu walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, ukianzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, ambayo Makunduchi kule Unguja bado huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini aondoke na lini bahari imefunga, na mkulima alijua lini aanze kulima. Mwaka wa Hijria haukuweza kufanya kazi hiyo, kwani ni mfupi kwa siku zipatazo kumi na moja na miezi yake huzunguka katika majira yote. Ndiyo maana wazee walishika kalenda mbili, moja ya ibada na moja ya upepo. Kaskazi, kusi, matlai, masika, vuli, kiangazi, kipupwe: mtu asiyetazama hawezi kuwa na maneno haya yote. Jahazi za Oman zilishuka na kaskazi na kupanda na kusi, na biashara iliyoijenga miji yetu, Gede ikiwa mmojawapo, iliendeshwa na watu waliokuwa wakisoma upepo, nyota na rangi ya maji. Darubini ni ya juzi. Kutazama ni kwetu.

Ushahidi mwingine uko kwenye ulimi. Kitabu cha shule kinampa mtoto neno moja la Kiingereza kwa miti yote inayoota ndani ya maji ya chumvi. Mvuvi wa Mida anayo mengi: mkoko wenye mizizi ya matao, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, na kila jina lina mahali pake, kwa maana kuna mti unaosimama mbele kabisa ukipigwa na mawimbi na kuna unaokaa nyuma ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Mwaka jana niliongozana na darasa moja hadi kando ya hori. Mwelekezi alipouliza kama kuna anayeujua mti uliokuwa mbele yetu, msichana mmoja alichuma jani, akaliramba upande wa chini, akasema, “Mchu. Una chumvi.” Alikuwa sahihi kabisa: mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, na ukitazama kwa karibu siku ya jua unaiona imeganda kama vumbi la sukari. Babu yake alimfundisha. Lakini daftarini, kwa kuwa kuanzia Gredi ya 4 masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, aliandika lile neno moja la kitabu, na mchu ukapotea. Mtoto alifika shuleni na maarifa ya mti, mahali pake na ladha yake, akaondoka na neno lisilotofautisha mti na mti. Sijui namna nyingine ya kuliita jambo hilo ila hasara. Ningetaka daftari la majira liwe na safu ya jina la nyumbani, la Kiswahili au Kigiriama, na lisahihishwe kwa uzito ule ule wa jina la kitabuni.

Hata hivyo nisiwaache wenzangu wa upande wa uhifadhi waende bila neno. Nasi tuna hoja mbovu tunayoipenda, kwamba mtoto akimwona mnyama mkubwa mara moja moyo wake utageuka na atakuwa mlinzi wa mazingira maisha yake yote. Haiwi hivyo kwa mtoto aliyekulia kando ya msitu ambao babu yake alikatazwa kuingia. Arabuko-Sokoke ulifungwa na serikali ya kikoloni, na kwa miongo mingi jirani alijulikana kama mwizi wa kuni. Sheria za misitu za 2005 na 2016 zilitambua vyama vya jamii, na mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, uliwapa wakulima njia ya kufuga viwavi na kuuza pupa wao nje ya nchi, mapato yao yakitegemea msitu uliosimama. Mkulima wa vipepeo analazimika kujua mti gani unachipua mwezi gani, la sivyo viwavi wake wanakufa njaa. Ukiniuliza nani afundishe majira katika shule za Gede, nitakuelekeza kwake kabla sijakuelekeza kwa mtu mwenye shahada. Anajua kwa sababu chakula cha watoto wake kimo katika kujua.

Kwamba kurudi mara kwa mara hufichua ambacho ziara moja haifichui, kuna kisa cha hapa hapa Kilifi. Kuna ndege wa jamii ya mnana, mnana wa Clarke, ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti hii. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Kwa miaka mia moja vitabu havikuweza kusema anataga wapi. Watu walimwona Arabuko-Sokoke, juu kwenye mirihi, kisha anatoweka. Jawabu lilipatikana 2013 katika pori la Dakatcha, kaskazini ya msitu, kwenye madimbwi ya msimu yaliyoota majani marefu ya kinamasi. Viota vilikuwa humo, na wenyeji waliokuwa wakilitunza pori lile walikuwa sehemu ya utafutaji. Mvua isipojaza dimbwi, hakuna kiota. Mtafiti aliyekuja wiki mbili za kiangazi angerudi na dimbwi kavu. Na mjini Nairobi, tangu 1971, matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, yaliyoanzishwa na Fleur Ng’weno, yameendelea wiki baada ya wiki kwa zaidi ya nusu karne. Hakuna maajabu katika kutembea Jumatano moja. Ni zile Jumatano zilizofuatana ndizo zinazomwezesha mtu kusema ndege fulani amechelewa mwaka huu.

Linganisha na tunavyopanda miti. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, sehemu ya mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Wazo la kupanda wakati wa vuli lilikuwa sahihi kwa pwani. Lakini baada ya vuli huja kaskazi, na Januari, Februari hadi Machi jua la huku halina huruma na mche. Ningependa kuona shule iliyoandika hesabu mbili, miche iliyopandwa Novemba na iliyo hai Machi. Hesabu ya kwanza hupigiwa picha. Ya pili ndiyo ingemfundisha mtoto kiangazi ni nini, mti upi unavumilia na upi unadanganya, na kwa nini mche uliofunikwa majani makavu chini ulipona na jirani yake akafa. Nayo hukutana na tatizo la kalenda, kwa maana Novemba na Desemba shule zimefungwa. Mvua za vuli, kumbikumbi wanaotoka ardhini jioni baada ya mvua ya kwanza, jongoo barabarani, vyote humkuta mtoto nyumbani bila daftari. Likizo hiyo ndefu ndiyo wakati mwafaka wa kazi ndogo ya kuchunguza, ukurasa mmoja kwa wiki, badala ya rundo la karatasi za marudio.

Yanayofuata kutoka kwa haya ni ya vitendo, na mengi hayahitaji Bunge. Hifadhi zilizo jirani na shule zingeweza kutoa barua moja ya ruhusa kwa mwaka mzima kwa shule zilizo umbali wa kutembea, bila kiingilio kwa mtoto aliyevaa sare, badala ya shule kuomba na kulipia upya kila mara kama kundi la watalii. Hifadhi itapata kitu pia: macho mia mbili yanayopita ukingoni kila mwezi huona mtego na shina lililokatwa mapema kuliko doria. Kaunti, ambayo hutoa basari kila mwaka, ingeweza kumlipa mkulima wa vipepeo au mvuvi mmoja kwa kila shule kumi kama msaidizi wa mwalimu kwa siku mbili za mwezi. Vyuo vya ualimu vingeweza kumpeleka mwanafunzi wao kwenye mti mmoja kwa miaka mitatu kabla ya kumtuma afundishe Shughuli za Mazingira, kwani mwalimu ambaye hajawahi kungoja jani hawezi kumfundisha mtoto kungoja. Na mzazi, anapoletewa barua ya safari, ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: watarudi lini tena mahali hapo? Kama jibu ni kwamba hawatarudi, ajue analipia matembezi, na matembezi ni jambo jema, lakini yasiandikwe kwenye ratiba kama somo na yasimwache mtoto wa maskini uwanjani.

Muhula wa tatu unafunguliwa mwishoni mwa Agosti. Wiki hizo hizo vitwitwi waliokomaa huanza kushuka Mida kutoka kaskazini, na wale wa mdomo uliopinda huwa bado wana mabaka ya rangi ya kutu kifuani, masalio ya vazi la kuzaliana, ambayo hufifia siku zinavyokwenda hadi wote wakawa wa kijivu. Bamvua la mwezi mpevu litaangukia Ijumaa, tarehe 28, na maji yatakupwa mbali. Nimemwomba mwalimu wa mwanangu tuwatembeze watoto siku hiyo, kwa miguu, kila mmoja na daftari lake. Juni tulikwenda mara moja, na ukurasa wa siku ile umeandikwa kwa penseli: yangeyange watatu, kaa wengi, ndege wengine hakuna.